Kabla King'ora Hakijalia

Jumatatu, 3 Machi

Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Siku ya majaribio. Nimewasha ving'ora vyote vya bondeni, kimoja baada ya kingine, kisha nikasema maneno yangu kwenye kipaza sauti: wananchi wote wa bondeni, hili ni jaribio, msiondoke majumbani, asanteni. Fundi wa mitambo alikuwa huko chini na pikipiki yake, anazunguka kwenye nguzo kusikiliza. Nguzo ya karibu na kisima bado inakoroma. Anasema pale sauti yangu inatoka kama ya mtu mwenye mafua. Nikamwambia afadhali mafua kuliko ububu.

Naipenda siku hii. Humu daftarini naweza kusema ukweli. Watoto wa bondeni wananiita Bwana Wananchi. Nikipita kwenda kumsalimia Mama wanajipanga ukutani na kuniigiza, "Wananchi woteee!", nami najifanya nimekasirika. Mke wangu anasema kwenye nguzo ndiko mahali pekee ninaposikilizwa. Nyumbani hata paka hageuki.

Mama naye, jaribio likiisha tu, ananipigia simu kunisahihisha. Leo nimemeza neno "majumbani". Bibi Sindano amekubali kwamba nimelimeza. Walikuwa wamekaa kibarazani kwa Mama, wananisikiliza kama redio.

Bibi Sindano ni jirani yake, muuguzi mstaafu. Sote tuliokulia mtaa ule alituchoma sindano yeye, na mpaka leo nikimwamkia shikamoo, mkono unakwenda wenyewe kujikinga nyuma. Yeye na Mama wameishi ukuta kwa ukuta tangu sijaanza shule. Kila mmoja ana ufunguo wa nyumba ya mwenzake.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Siyo hapa, huko juu milimani. Opereta wa bwawa amepiga simu, anasema maji yanapanda lakini bado hali ni ya kawaida. Neno "bado" sikulipenda.

Nimetoa faili la utaratibu, nikalisoma tena, ingawa nalijua kwa kichwa. Tangazo la tahadhari halitoki bila kibali cha Mkurugenzi. Habari haitolewi kwa mtu yeyote kabla ya tangazo. Kanuni hiyo ya pili nimeipigia mstari mimi mwenyewe, zamani, kwa kalamu nyekundu. Aliyekuwa kwenye kiti hiki kabla yangu aliwasha ving'ora kwa simu ya mzushi. Watu wakakimbia usiku, wakakanyagana darajani, mto haukuja. Siku hizi anauza vocha. Mtu akitaja jina lake ofisini, wengine wanakohoa.

Alhamisi, 6 Machi

Mto umeingia bondeni.

Mama yuko kwangu, salama. Siwezi kuandika zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Nijaribu sasa. Niandike kama ilivyokuwa, nisijikoshe.

Jana asubuhi, chai haijapoa, opereta wa bwawa akapiga. Wanafungua milango yote. Wasipofungua, ukuta wenyewe hautahimili. Akasema maji yatakuwa bondeni mchana, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea haraka huku anaongea.

Nikakimbilia kwa Mkurugenzi. Yumo kwenye kikao cha bajeti na madiwani, mlango umefungwa, simu zao zote zimekusanywa kwenye kikapu juu ya meza ya katibu muhtasi. Kikapu kinatetemeka na kuimba, hakuna anayekigusa. Katibu muhtasi akaniambia amri ni kwamba wasisumbuliwe hata nyumba ikiungua. Nikamwambia siyo moto, ni maji. Hakucheka. Nikaandika karatasi, akaichukua, akaiweka chini ya karatasi nyingine.

Nikarudi chumba cha mitambo. Nikaandika tangazo. Nikalisahihisha. Nikakaa. Kitufe kipo pale, chekundu, kina kifuniko cha plastiki kama kawa ya chakula. Nikaenda tena kwa katibu muhtasi, nikarudi tena. Ningeweza kuusukuma ule mlango kwa bega. Ni mbao tu. Sikuusukuma. Niliwaza yule wa vocha.

Halafu nikachukua simu yangu mwenyewe, nikaingia stoo ya nyaya, nikafunga mlango, nikampigia Mama.

Nikamwambia atoke sasa hivi, mto unakuja. Akauliza nani kasema. Nikasema mimi, na asimwambie mtu, maana ikijulikana nimempigia kabla ya kibali, kazi sina.

Kisha akauliza, "Hata mwenzangu?"

Nikasema, "Hata yeye, Mama. Tangazo linatoka sasa hivi. Atasikia pamoja na wengine."

Sasa hivi! Tangazo lilitoka baada ya madiwani kula. Mkurugenzi alitoka kikaoni anajifuta mdomo, akasoma karatasi yangu amesimama, akabadilika rangi, akasaini juu ya paja lake. Nikakimbia. Nikawasha. Nikasema vizuri kabisa, hata neno moja sikulimeza. Wakati huo maji yalikuwa yameshavuka barabara ya chini.

Hakuna aliyekufa. Naandika tena: hakuna aliyekufa. Lakini nyumba za chini zote zimeingia maji, na fundi cherehani wa kona amebaki na tepu yake shingoni tu. Bibi Sindano alirudi ndani kuchukua dawa zake za presha, ukuta wa bafu ukamwangukia mguuni. Vijana walimtoa kupitia dirishani. Amevunjika.

Na haya Mama kanisimulia jana jioni, ameangalia mikono yake. Alipokuwa anatoka na mtu wa mkokoteni, Bibi Sindano alikuwa uani anafua. Akauliza safari ya wapi na godoro. Mama akajibu anakwenda kukaa na wajukuu kidogo, kule godoro halitoshi. Bibi Sindano akaona godoro linayumba kwenye mkokoteni. Akafungua kamba yake ya kuanikia nguo, akasaidia kulifunga.

Kamba iko hapa kwangu. Iko nyuma ya mlango.

Jumapili, 9 Machi

Mama hali. Anakunywa chai, basi. Mke wangu anadhani ni mshtuko wa mafuriko. Sijamwambia mke wangu. Yeye anasimulia kila mtu kwamba ni bahati ya Mungu, Mama alikuwa amekuja kutembea siku ile ile. Watoto nao wanaitikia, ndiyo, bahati. Naangalia pembeni.

Leo Mama amekwenda hospitali kumwona mwenzake. Nilitaka kumsindikiza, akasema hapana. Alirudi mapema. Nikamuuliza mgonjwa anaendeleaje. Akavua viatu kwanza, taratibu, akaviweka sambamba.

"Ameniuliza kitu kimoja tu," akasema. "Kaniuliza, wajukuu hawajambo?"

Kisha akaenda kulala, mchana kweupe, ameelekea ukutani. Nami nikabaki sebuleni na watoto wananivuta nicheze nao. Nikacheza. Nilijiona mnafiki hata kwenye mpira wa matambara.

Jumanne, 11 Machi

Sikio halilali na njaa. Fundi wa mitambo karudi kutoka bondeni amenuna. Alikwenda kukagua nguzo zilizoinama. Anasema mtu wa mkokoteni anasimulia kila kijiwe: alibeba godoro la mama wa Bwana Wananchi jua linawaka, kiatu kikavu, na alikuwa ameshalipwa, amekula, amelala kidogo, ndipo king'ora kikalia. Watu wanamnunulia chai asimulie tena.

Fundi hakuniuliza kama ni kweli. Aliniangalia tu. Tumefanya kazi pamoja miaka, ananijua nikivaa shati jipya, ananijua nikigombana na mke wangu. Nikamwambia watu wana maneno. Akasema, ndiyo, wana maneno. Akaenda kuosha matope kwenye buti, akaosha kwa muda mrefu kuliko matope yenyewe.

Watoto wa ukutani wamenibadilishia jina. Sasa ni Bwana Mama Kwanza. Nimelisikia kwa masikio yangu, nikatembea kama sikusikia.

Jumatano, 12 Machi

Mkurugenzi kaniita. Nilijua ndio mwisho. Nilivaa hata viatu vizuri, kwa sababu sitaki kufukuzwa na kandambili.

Kumbe! Kanikaribisha kiti, akamwambia katibu muhtasi alete chai. Akaeleza kwamba kuna uvumi. Mtu akimpigia mama yake asubuhi, maana yake ofisi ilijua asubuhi. Na ofisi ikijua asubuhi, watu watauliza ilikuwa wapi mpaka mchana. Aliongea kwa upole, anakoroga sukari ambayo ilishayeyuka. Kisha akauliza je, nilimpigia?

Nikasema hapana, bosi.

Akapumua. Akasema, "Vizuri. Wewe hukumpigia, mimi sikuchelewa. Tumeelewana."

Nilitoka na kazi yangu mkononi na chai yake tumboni. Nilipaswa kufurahi. Nilijisikia kama mtu aliyevaa nguo ya mwenzake, na mwenzake bado hajaoga.

Jumamosi, 15 Machi

Mkutano wa hadhara uwanja wa shule, bondeni. Matope yamekauka vigaga, watu wamekalia madawati yaliyovimba. Mkurugenzi alisema maneno yake: ushirikiano, mshikamano, tathmini inaendelea. Nikaitwa nieleze mfumo wa tahadhari. Nikaeleza. Nguzo ngapi, betri, sola, meseji kwa wenye simu. Watu walikuwa kimya mno. Kimya cha watu wanaongoja mhubiri amalize ili wale.

Fundi cherehani akasimama. Bado ana tepu shingoni, sijui ni mazoea au ni makusudi. Hakupiga kelele. Alisema hana ugomvi na maji, maji hayana akili. Ana swali moja. Je, mama yangu alijua kabla yao?

Nikasema, "Mama yangu huja kwangu mara kwa mara kuwaona wajukuu. Siku ile ilisadifu tu."

Nilisema kwa sauti ile ile ya nguzoni. Kwa macho makavu. Niliona Mkurugenzi anatikisa kichwa kuunga mkono, na nikamchukia, nikajichukia zaidi.

Sikujua kama Mama yupo. Alikuwa nyuma, kando ya kinamama wenzake, lakini pameachwa nafasi kila upande wake, nafasi ya kukaa mtu na mtoto. Fundi cherehani akamgeukia kwa heshima zote, akamwamkia, akauliza, "Mama, ndivyo?"

Akasimama. Ilimchukua muda kusimama. Uwanja mzima ulimtazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na pale ardhi ilikuwa na nyufa za kutosha.

"Mwanangu amesema," akajibu. Akakaa.

Watu wakaguna. Mwenye macho haambiwi tazama. Mkutano ukaendelea na habari za mablanketi.

Jumatatu, 17 Machi

Mama amerudi kwake. Kuta bado zina mstari wa maji usawa wa kiuno, ndani kunanuka kama chungu cha maua. Nilimbembeleza mpaka mlangoni. Nikamwambia asubiri walau nyumba ikauke. Nikamwambia watoto watalia. Anafunga mfuko wake tu.

Mwishowe akaniketisha, kama nilipokuwa mdogo nimevunja kitu. Akasema hanilaumu kwa kumpigia simu. Mtoto asipomwokoa mama yake ni mtoto gani? Lakini nilimwambia afunge mdomo, naye akaufunga, na huo ulikuwa mdomo wake, siyo wangu.

"Nilikuficha nyuma ya nguo zangu mbele ya mtaa mzima," akasema. "Hata ulipokuwa mtoto, ukiiba, nilikutoa nje ukajibu mwenyewe."

Nikabeba godoro. Nikataka kulifunga kwa ile kamba ya nyuma ya mlango, akaninyang'anya. Kamba aliichukua mkononi, peke yake, akaizungusha vizuri kama mali ya mtu.

Alhamisi, 20 Machi

Bibi Sindano ametoka hospitali. Ana magongo. Amerudi nyumbani kwake, mpwa wake anamtunza. Nilijipa moyo nikaenda kumwona. Niliposema shikamoo aliitikia marahaba, vizuri tu, akanikaribisha kiti, akaniuliza habari za kazi. Adabu tupu. Angenitukana ningelala vizuri leo.

Nilikuja nimejiandaa kusema. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote, kuanzia stoo ya nyaya. Nikafungua mdomo nikamuuliza kama magongo hayamuumizi kwapani. Akasema yanaumiza kidogo. Nikasema pole. Nikaondoka. Mimi ndiye sauti ya mji mzima!

Nikapita kwa Mama. Kamba ameshairudisha, ilipokelewa mlangoni na mpwa. Na mpwa huyo huyo alikuja baadaye na salamu na kitambaa kilichofungwa, ndani yake ufunguo. Ufunguo wa nyumba ya Mama. Bibi Sindano ameurudisha.

Nikamuuliza Mama, naye atarudisha ule alionao? Akasema hapana. Akiutaka, aje auchukue mwenyewe, kwa miguu yake au kwa magongo. Alisema kama mtu aliyekasirika. Lakini amesogeza kiti chake kibarazani, sasa kinaangalia mlango wa jirani.

Jumatatu, 24 Machi

Nguzo zimesimama tena, tumefanya jaribio la pekee. Fundi wa mitambo alikuwa huko chini kama kawaida. Nikawasha, nikasema yangu. Kimya kwenye redio. Nikamwita fundi mara mbili ndipo akajibu.

Anasema sauti inasikika safi, hata ile ya kisimani mafua yamepona. Ila hakuna aliyegeuka kuitazama nguzo. King'ora kilipoanza, watu wote waligeukia nyumba ya Mama. Yeye alikuwa anafagia. Wakaona anafagia, wakarudi kwenye shughuli zao. Mwanamke mmoja alimwambia fundi nguzo za nini tena, mama wa msemaji si yule pale?

Halafu akanisimulia la jana, akicheka, kisha akaacha kucheka. Mama alikwenda sokoni na mfuko mkubwa. Kabla hajafika sokoni, nyumba mbili zilikuwa zimetoa vyombo nje. Ilibidi arudi kuwaambia anakwenda kununua vitunguu.

Kwa hiyo siku hizi king'ora ni Mama. Hawezi kukunja mkeka bila mtaa kushika roho. Hawezi kuja kwangu kuwaona wajukuu, na kweli wajukuu wanamuulizia. Nimempora hata uongo wake.

Jioni nilianza kumwambia mke wangu. Nilifika kwenye kikapu cha simu. Akasema, "Najua." Nikauliza tangu lini. Akasema tangu niliporudi siku ile nikaenda kumwangalia Mama kwanza chumbani, kabla sijauliza kama watu wamepona. Akaendelea kukunja nguo za watoto. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Jumatano, 26 Machi

Naandika mezani, chumba cha mitambo. Naandika ili mkono uwe na kazi.

Opereta wa bwawa amepiga. Ni yale yale. Milango yote. Maji mengi kuliko ya mara ile, anasema, na udongo umeshalowa, hayatakuwa na pa kuzama. Bondeni mchana.

Mkurugenzi yuko safarini. Simu yake haipatikani. Kaimu wake amesoma karatasi yangu mara mbili, akaigeuza nyuma kama kuna kitu kimeandikwa huko, akasema tusiwe na papara, tumtafute bosi kwanza, yeye saini yake ni ya vifaa vya ofisi tu. Anamtafuta. Namsikia nyuma ya ukuta anapiga, anakata, anapiga.

Na mimi? Mimi nimefanya nini? Nimekwenda stoo ya nyaya. Aibu gani hii! Baada ya yote, baada ya mguu wa mtu na uwanja wa shule, miguu yangu ilijua njia. Nilikuwa nimeshafunga mlango ndipo nikashtuka nilipo. Na bado nikapiga.

Mama alipokea mara moja. Nikamwambia toka hapo Mama, unakuja tena, na ni mkubwa.

Hakuuliza nani kasema. Akauliza, "Wenzangu umeshawaambia?"

Nikasema bado, tunasubiri kibali.

"Basi na mimi hujaniambia," akasema. Akakata.

Nimepiga tena. Hapokei. Nimepiga tena. Amezima.

Nimemtuma fundi chini kwa pikipiki. Nilimwambia akamtoe, hata kwa kumbeba. Sasa hivi ameita kwenye redio. Hajambeba. Anasema bondeni watu wameanza kuhisi, mto umebadilika rangi, kuna waliotoa mafurushi mpaka mlangoni. Wamejaa mbele ya kibaraza cha Mama. Yeye amekaa kwenye kiti chake, hana mfuko, hana kitu. Fundi cherehani amemuuliza, mbele ya wote, kama mwanawe amempigia.

Amewajibu, "Hajanipigia."

Fundi wa mitambo amerudia redioni, akidhani sikusikia. Nimesikia. Anasema wanamwamini. Kwa nini wasimwamini? Wamemwona amekaa. Bibi Sindano naye yuko mlangoni kwake na magongo, amemtazama Mama muda mrefu, kisha akamwambia mpwa wake alirudishe sanduku ndani. Fundi anauliza awaambie nini. Nikamwambia awaambie mto unakuja. Anasema kasema, wamemcheka. Wamemwambia kama ni kweli Mama angekuwa barabarani na godoro.

Kaimu bado anapiga, anakata.

Nimefungua kile kifuniko cha plastiki. Taa ya kipaza sauti imewaka. Tangazo liko mbele yangu, limeandikwa vizuri, wananchi wote wa bondeni, halina saini. Nikilisoma hivi lilivyo, watainua vichwa, watamwangalia Mama, watamwona amekaa, watarudi ndani. Naye hatasimama. Namjua. Hatasimama mpaka nimwambie mbele yao.

Fundi anaita tena, mafurushi yanarudi ndani. Nimelikata neno "wananchi". Nimeandika juu yake "Mama, ni mimi", na chini yake ile Alhamisi, stoo, simu, kamba, wajukuu, yote kwa mstari mmoja kwa sababu hakuna muda. Nimelijaribu mdomoni bila sauti. Nikisema, kila nguzo italisema, na ya kisimani pia, na kaimu atasikia, na watoto wa ukutani. Kazi imekwisha, hilo sasa si kitu. Ninachoogopa ni uso wa Bibi Sindano akiwa amesimama pale mlangoni na magongo yake, ananisikia.

Nimebonyeza. King'ora kinalia. Kikinyamaza ni zamu yangu